Kwa Shujaa Huenda Kilio

Msamaria mwema hakupata kuishi. Hana kaburi, hana ukoo, hata jina hakupewa. Ni mtu wa kubuniwa. Bwana wetu alimtunga siku alipoulizwa swali na mwanasheria mmoja aliyetaka kujua wajibu wake unaishia wapi: jirani ni nani, na nani nikimpita sitadaiwa? Yesu angeweza kumjibu kwa vifungu vya sheria. Angeweza kumtajia Daudi na kombeo lake, au Samsoni na nguvu zake, maana taifa lile halikupungukiwa na mashujaa. Akawaacha wote hao, akabuni msafiri mmoja mwenye mnyama wa kupanda, mafuta na divai, mtu wa kabila ambalo wasikilizaji wake walilidharau, akampitisha katika barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko.

Barabara yenyewe ilikuwa ya kweli. Inateremka zaidi ya mita elfu moja katika mwendo usiofika kilomita thelathini, kati ya majabali makavu yenye mapango, na kila mtu alijua kwamba wanyang'anyi hujificha humo. Wasikilizaji wa Yesu walikuwa wameipita kwa miguu yao, roho mkononi. Kwa hiyo waliposikia kwamba kuhani alimwona majeruhi akapita upande wa pili wa njia, sidhani kama kuna aliyeshangaa. Walimwelewa. Aliyelala pale huenda ni chambo. Waliompiga huenda wangali nyuma ya jiwe. Kuhani ana mke, ana watoto, ana kazi ya Mungu inayomsubiri. Ni nani angemlaumu?

Hapo ndipo nataka tusimame, ndugu zangu. Nimekuja kusema nanyi habari za ushujaa, na ushujaa naona unaanzia pale pale, penye upande wa pili wa njia ulio wazi, ulio salama, na usio na mtu wa kukulaumu ukiupita. Shujaa ni yule aliyefunguliwa mlango wa kuokoka peke yake, akakataa kupita. Sina la pili la kuwaambia leo. Nitalisema hili moja mpaka mlichoke, kisha nitalisema tena.

Tutoke Yeriko tuje kwetu Kenya. Jumatatu tarehe 21 Desemba 2015 basi la abiria lililotoka Nairobi lilikuwa linakaribia mwisho wa safari ndefu ya Mandera, karibu kilomita elfu moja za lami, kokoto na vumbi. Upande wa Elwak watu wenye bunduki wa Al-Shabaab wakalimiminia risasi, wakalisimamisha. Amri waliyotoa nchi nzima ilikuwa inaijua: Waislamu kando, Wakristo kando.

Hakuna aliyekuwamo ambaye hakujua maana yake. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 22 Novemba 2014, basi jingine lilikuwa limetekwa likitoka Mandera, abiria wakachambuliwa kwa kuulizwa maneno ya imani, na watu 28 wakauawa kando ya barabara, wakiwamo walimu waliokuwa wanarudi kwao kwa likizo. Siku kumi baadaye wachimba mawe 36 wakauawa Koromey, nje kidogo ya mji wa Mandera, nao pia baada ya kutenganishwa. Tarehe 2 Aprili 2015 ikawa zamu ya Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Kwa hiyo Mwislamu aliyeambiwa siku ile asogee kando hakuwa na la kubahatisha. Akisogea, anaishi. Mlango umefunguliwa, na aliyeufungua ameshika bunduki na anamsubiri apite.

Wakakataa kupita. Wanawake wa Kiislamu waliwapa wanawake wa Kikristo mitandio na hijabu zao wajifunike wasitambulike. Wanaume wakawaambia wenye bunduki: tuueni sote au tuacheni sote. Watu wawili walipoteza maisha siku ile na si haki tuwapite bila kuwataja. Lakini mauaji yale ya kupanga watu kifudifudi mmoja mmoja hayakufanyika. Washambuliaji waliondoka bila kupata walichokijia.

Kati ya waliopigwa risasi alikuwamo mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule moja ya Mandera. Akiwa kitandani hospitalini aliwasimulia waandishi wa habari yaliyotokea: waliambiwa kwamba aliye Mwislamu yuko salama, nao hawakuukubali usalama wa namna hiyo. Aliwasihi watu wa dini zote waishi pamoja kwa amani. Januari 2016, karibu mwezi mmoja baada ya shambulio, akafariki dunia jijini Nairobi kwa majeraha yake. Machi mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akamtunukia nishani, naye yuko kaburini.

Mimi ni mhubiri wa Kikristo, na wengi mnaosoma ukurasa huu ni Wakristo wenzangu. Naomba mlisikie jambo hili bila kulilainisha. Mwislamu alipigwa risasi akafa kwa sababu hakukubali sisi tuuawe. Tangu shule ya Jumapili tumeisoma hadithi ya Msamaria na kila mara tumejiweka mahali pa Msamaria. Tumeichezea maigizo, na watoto wetu wamegombania sehemu hiyo. Barabara ya Mandera imetuhamisha. Ilituweka pale chini, kando ya njia, mikono mitupu, tukisikiliza nyayo za anayekuja. Na aliyekuja akasimama ni mtu ambaye wengi wetu, angepanda matatu moja nasi akiwa na begi mgongoni, tungemtazama mara mbili na kuhama kiti.

Wazee wanayo methali: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Imetumika miaka mingi kuwatuliza vijana, kuwaambia wakae nyumbani na waache kujitia mbele. Wala methali haidanganyi. Kilio kilikwenda kwa mwalimu Salah. Familia ilimzika, na wanafunzi walirudi darasani wakakuta hayupo. Mhubiri anayepita haraka juu ya kilio hicho ili afike kwenye shangwe afadhali ashuke mimbarani. Mtu yule hakuwa na hamu ya kufa. Alipelekwa hospitali akatibiwa wiki nyingi, maana watu wa namna yake huipenda dunia, hupenda watoto wao, hupenda chaki na daftari na chai ya saa nne.

Lakini methali imehesabu nyumba mbili, ya mwoga na ya shujaa. Nyumba ya tatu haikuhesabiwa. Shambulio lilikuwa siku nne kabla ya Krismasi. Fikirini abiria Wakristo wa basi lile, tarehe 25, wako wapi? Wako hai. Kuna mahali nchi hii ambapo simu ililia na mama akasikia sauti ya mwanawe. Kuna mahali jioni ile mtoto alipakatwa na mzazi ambaye, kwa hesabu ya wauaji, alipaswa kuwa amekwisha kuzikwa. Kicheko cha nyumba hizo kilinunuliwa Elwak, na walionunua ni watu ambao Krismasi si sikukuu yao. Tukitaka kumpima shujaa, tusiishie mlangoni pake kusikiliza kilio. Twende mpaka kwenye nyumba hiyo ya tatu, ambayo mara nyingi hata haimjui jina.

Kuna jingine ambalo lazima lisemwe wazi, maana vijana wetu wanadanganywa nalo kila siku. Waliolisimamisha basi lile nao huitana mashujaa. Wao pia wako tayari kufa. Wanaimbiwa, wanasifiwa, picha zao zinapelekwa kutoka simu hadi simu. Ikiwa utayari wa kufa ndio ushujaa, basi pande zote mbili za barabara siku ile zilikuwa na mashujaa, na sisi hatuna la kuwafundisha watoto wetu. Nalikataa hilo kwa nguvu zangu zote. Tazameni kila mmoja alitaka nini. Mwenye bunduki alitaka watu wagawanywe ili apate wa kuua. Mwalimu alitaka wasigawanywe ili asipatikane wa kuuawa. Kifo kilikuwa karibu na wote wawili, ila mmoja alikileta na mwingine akakizuia kwa mwili wake. Kijana wangu, mtu akikuambia kwamba utakuwa shujaa, muulize baada ya tendo hilo watu wangapi watarudi nyumbani. Akikosa jibu, mkimbie.

Sasa hadithi. Wapo wanaodhani hadithi ni mchezo wa watoto na kwamba mashujaa wa kutungwa hawana kazi katika maisha ya mtu mzima. Yesu hakudhani hivyo, kama tulivyoona. Hadithi hutufanyia mazoezi. Tunamfuata mtu wa kubuni mpaka kwenye njia panda yake, tunamtakia achague vema, na roho yetu inajifunza mwendo kabla ya siku yetu kufika. Ndiyo maana ni jambo zito sana, zito kuliko tunavyolichukulia, tunamsimulia nani na tunamsifia nini.

Pwani ya Waswahili ina Fumo Liyongo. Muhammad Kijuma wa Lamu alimwandikia utenzi mwaka 1913, na kabla yake na baada yake wazee wamemsimulia: pandikizi la mtu, mpiga mishale, mshairi, aliyeogopwa na Sultani wa Pate hata akatiwa kifungoni. Tunapenda nguvu zake. Tunapenda jinsi alivyokufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wakaogopa kusogea wakidhani yu hai. Nami nampenda. Lakini nikiisoma habari ile kwa kipimo nilichowapa, macho yangu yanaondoka kwa Liyongo na kumfuata kijakazi, Saada.

Saada ndiye aliyepeleka chakula gerezani. Ndiye aliyebeba ujumbe wa mfungwa kwenda kwa mama yake, na ndiye aliyerudi na mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake. Askari walikuwa wakijitwalia vyakula vizuri, wakauona mkate wa wishwa ni wa kudharauliwa, wakaupitisha. Usiku ngoma ya gungu ikapigwa, kelele zikafunika sauti ya chuma, Liyongo akakata minyororo yake. Tunashangilia minyororo. Nani anashangilia ile hatua ya Saada mbele ya askari? Alikuwa mtumwa, hana ngome, hana upinde, hana jina la kuogopesha mtu. Mlango wake wa kuokoka ulikuwa mpana: angewanong'oneza askari neno moja tu, akatuzwa, akawa salama. Na katika habari hiyo hiyo yumo mtu mwingine aliyefunguliwa mlango kama huo. Ni mwana wa Liyongo mwenyewe. Aliahidiwa cheo na mke mjini Pate, akaenda akamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba. Huyo ndiye aliyekuwa na damu ya shujaa mwilini, akaupita mlango. Kijakazi, ambaye damu yake hakuna aliyeiuliza, hakuupita.

Msiniambie basi kwamba ushujaa ni wa kurithi.

Shaaban Robert naye alilijua jambo hili. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, Karama anashitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na maisha yake yako hatarini. Mtu mwingine angesimama kizimbani akajitetea, akaomba radhi, akalia kidogo. Karama anaitumia nafasi yake ya kujitetea kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa kwa ajili ya nchi na kuishia vifungoni, watu ambao baraza limekwisha kuwasahau. Kesi ni yake, lakini anawaingiza wao. Nimewahimiza vijana wengi wasome kitabu kile na nitaendelea kuwahimiza, maana hakina upanga hata mmoja unaochomolewa na shujaa wake, na bado moyo unadunda.

Linganisheni na tunachowalisha watoto kwenye vibanda vya video. Steringi anaingia na bunduki mbili, anaua arobaini, anatoka na mkwaruzo shavuni. Tumekua tukiambizana kwamba steringi hafi. Huo ni uongo wenye madhara. Mtoto aliyekua na uongo huo, siku yake ikifika, atajitazama na kuona hana bunduki, hana misuli, na risasi zinamwogopesha, basi ataamua kwamba ushujaa haukuandikwa kwa ajili yake, na atapita upande wa pili wa njia akiwa na dhamiri safi. Steringi amemfundisha kwamba ushujaa ni kipaji cha wachache wasiokufa. Saada angemfundisha kwamba ni mkate wa wishwa na miguu inayotetemeka lakini inaendelea kwenda.

Tukio la basi la Mandera nalo limegeuzwa hadithi. Filamu inaitwa Watu Wote, ilitoka mwaka 2017, imeongozwa na Katja Benrath, Mjerumani aliyekuwa bado mwanafunzi, na kuchezwa na waigizaji wetu katika lugha zetu. Mwaka 2018 iliingia katika orodha ya filamu fupi zilizoshindania tuzo ya Oscar. Ningepewa mimi kuitunga, ningemweka mwalimu mbele tangu mwanzo na kamera isimwache. Wao walimweka mbele mwanamke Mkristo, Jua, mwenye uchungu mkali na chuki kwa Waislamu kwa sababu ya msiba uliompata. Anapanda basi hataki hata salamu za mwalimu. Nimelitafakari jambo hilo na nimeona walikuwa na hekima kuliko mimi. Kumfia mtu mwema ni kugumu. Kumfia mtu aliyekukunjia uso njia nzima, hilo sisi tunaomhubiri Kristo aliyesulubiwa tunapaswa kulitambua tunapoliona. Na tumeliona likitendwa na mtu ambaye hakuwahi kuketi katika kanisa letu.

Naweza kusikia mtu akisema: hao walikuwa watu wazima, wamekomaa, na yule ni mwalimu. Basi twende Nyange, magharibi mwa Rwanda. Tarehe 18 Machi 1997, usiku, wanafunzi wa sekondari walikuwa darasani kwa masomo ya jioni. Waasi wenye silaha wakaingia, wakawaamuru wajigawe, Wahutu huku, Watutsi huku. Kumbukeni ni mwaka gani. Mauaji ya kimbari yalikuwa na miaka mitatu tu. Ndani ya darasa lile walikuwamo vijana ambao jamaa zao walikuwa wameuawa, na wengine ambao watu wa kabila lao ndio walioua. Kama kuna darasa duniani lililokuwa na sababu ya kugawanyika, ni lile. Wakajibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Amri ikarudiwa, jibu likawa lile lile. Wakapigwa risasi na mabomu ya mkono. Baadhi wakafa, wengine wakajeruhiwa, na waliokufa hawakuwa wa kabila moja. Rwanda imewaandika wanafunzi hao, waliokufa na waliopona, miongoni mwa mashujaa wake wa taifa katika daraja la Imena, na huwakumbuka kila tarehe 1 Februari.

Walikuwa vijana wa umri wa wale mnaowagombeza nyumbani kwa kuchezea simu. Hakuna aliyekuwa na muda wa kumpigia mzazi simu kuuliza afanye nini. Hawakuitisha mkutano. Walipewa sekunde chache, na katika sekunde hizo wakatoa kitu kilichokuwa kimekwisha kuwekwa ndani yao. Na nani alikiweka? Walikula ugali mmoja, walikopeshana kalamu, walilala katika bweni moja, walisaidiana hesabu. Miezi ya mambo madogo kama hayo ilikuwa imefanya kazi yake kimya kimya, hata mwenye bunduki alipofika kugawanya hakupata pa kushika. Vivyo hivyo, ndivyo ninavyoamini, kwenye basi. Mtu umeketi naye kiti kimoja usiku kucha, mtoto wake amelalia bega lako. Na mwalimu Salah alikuwa mwalimu wa Mandera. Baada ya mauaji ya Novemba 2014 walimu wengi waliotoka mikoa mingine waliikimbia kaskazini mashariki, na madarasa yakabaki na watoto bila mtu wa kuwafundisha. Aliyaishi hayo. Alijua Mkristo akiuawa barabarani ni mtoto gani wa Mandera atakosa somo Jumatatu.

Sasa naja kwenye neno gumu, na naomba msifunge gazeti.

Aprili 2014, mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya basi lile, serikali ilianzisha operesheni ya Usalama Watch. Polisi waliingia Eastleigh, Nairobi, na mitaa mingine wakakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakimbizi na raia wa Kenya pia, na wengi wakafungiwa katika uwanja wa Kasarani. Silinganishi polisi na wauaji. Ninalinganisha sisi na abiria. Maana siku zile pia ilitolewa amri ya kujitenga: Wasomali kule, nyinyi wengine endeleeni na shughuli zenu. Mlango ulifunguliwa, na kwetu sisi haukuwa na bunduki hata moja. Asingepigwa risasi mtu kwa kwenda Kasarani kuuliza jirani yake yuko wapi. Asingefukuzwa mchungaji kwa kusema mimbarani kwamba mtoto aliyezaliwa Garissa ni Mkenya. Wako waliosema, na Mungu awabariki. Lakini makanisa mengi yalinyamaza. Tulipita upande wa pili wa njia, tena kwa mwendo wa taratibu, kwa sababu hakuna hata aliyetukimbiza. Na ni jamii hiyo hiyo, miezi ishirini baadaye, iliyosimama kwenye kokoto za Elwak ikasema tuueni sote au tuacheni sote.

Mnaona deni hilo lilivyo?

Wala tusijifiche nyuma ya dini, tukasema ni mambo ya Waislamu na Wakristo. Mwanzoni mwa mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, vijana wetu waliweka vizuizi barabarani wakidai vitambulisho ili wasome jina na kujua mtu ni wa kabila gani. Aliyeuliza na aliyeulizwa mara nyingi walikuwa wamebatizwa wote. Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa tarehe 1 Januari likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao akina mama na watoto. Walikuwako watu waliowaficha majirani wa kabila jingine darini, ghalani, chini ya kitanda. Walikuwako. Lakini hatukuwatungia nyimbo, hatukuwaita kanisani wakasimama, na wengine hata leo wanasemwa vibaya na watu wao kwamba waliwasaliti. Taifa linalokumbuka majina ya wachochezi na kusahau majina ya wafichaji limekwisha kuchagua mashujaa wake, hata kama halijui kwamba limechagua.

Nawasihi, basi. Wengi wetu hatutasimamishwa na bunduki, na namwomba Mungu iwe hivyo. Lakini amri ya kujitenga inatolewa kila siku kwa sauti ya upole. Inatolewa kwenye kamati ya ajira, mtu anaposoma jina la mwombaji, anatabasamu na kuliweka kando, na wewe umeketi pale umeliona. Inatolewa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yenu, mtu anapotuma maneno ya kuwaita watu wengine madoadoa au magaidi, na arobaini mnasoma mnapita. Inatolewa sokoni, msichana wa watu akiporwa bidhaa kwa sababu tu hana ndugu katika soko lile. Kila mara mlango ni ule ule: nyamaza, wewe si unayetafutwa.

Anayezoea kuupita mlango huo ukiwa na gharama ya aibu kidogo ataupita mbio ukiwa na gharama ya uhai. Sitaki mjidanganye kwamba kuna mtu mwingine ndani yenu, jasiri, aliyelala, atakayeamka siku ya hatari. Atakayeamka ni yule yule wa kwenye kamati.

Kwa hiyo fanyeni hili juma hili, wala msingoje semina. Uliye kwenye kamati, likisomwa jina na kuwekwa kando, sema: turudishe hilo, tusome sifa zake. Sema kwa sauti, na liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Ujumbe wa chuki ukitumwa, jibu mle mle mbele ya wote, kwa jina lako. Mwalimu wa shule ya Jumapili, ukifika tena kwenye hadithi ya Msamaria, mpe mtoto wako hodari kuliko wote sehemu ya majeruhi, kisha muulize alihisi nini akisubiri. Wasimulie habari za Nyange. Wachungaji, Ijumaa nendeni msikiti ulio karibu nanyi mkasubiri nje mpaka swala iishe, mumsalimu imamu, mbadilishane namba za simu, mkubaliane mapema kabisa kwamba siku mtu akija kuwatenganisha waumini wenu mtapigiana simu usiku wowote. Mzazi uliyemficha jirani mwaka 2008 ukanyamaza miaka yote hii, waite watoto wako uwasimulie, utaje majina. Na wewe mwenye nyumba za kupangisha, uliyemwambia yule mama wa Kisomali kwamba chumba kimechukuliwa, na bado kina kufuli na tangazo lingali getini: namba yake ya simu unayo. Mpigie leo kabla jua halijazama.